Homa ya uti wa mgongo: dawa ya kwanza isipoleta nafuu



Tuanze somo letu la mwezi huu kwa mfano ambao wengi wenu mtautambua. Mtoto wa miaka minne anashikwa na homa siku ya Ijumaa. Jumamosi anatapika na kulalamika kichwa. Nyumbani kuna vidonge vilivyobaki tangu kaka yake alipougua sikio, basi anapewa hivyo. Jumapili shingo imekakamaa, anapatwa na degedege, na wazazi wanamkimbiza hospitali ya wilaya. Huko anachomwa sindano mgongoni, na daktari anawaambia kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Siku hiyo hiyo anaanzishiwa dawa ya kupitia kwenye mshipa. Lakini Jumatano asubuhi mwili bado unachemka, na mtoto hamtambui mama yake.

Chini ya mwembe wa hospitali jamaa wamekaa kikao. Baba mkubwa anasema, "Siku tatu za sindano na hakuna nafuu. Huu si ugonjwa wa hospitali. Tumchukue mtoto." Shangazi anaongeza kwamba daktari anataka kumchoma tena mgongoni, na yeye anamjua mtoto aliyechomwa hivyo akafa. Mama amenyamaza. Anayengojewa aseme neno ni baba.

Somo hili ni kwa ajili ya baba huyo, na kwa kila mmoja wetu atakayejikuta siku moja chini ya mwembe kama ule. Tutaona kwa nini dawa ya kwanza huweza kushindwa, daktari hufanya nini inaposhindwa, na familia ina kazi gani katika saa hizo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando mwembamba, na ndani ya utando huo mna maji safi kama ya chemchemi. Vijidudu vya bakteria vikiingia katika maji hayo, utando huvimba, maji huwa na usaha, na ubongo hubanwa ndani ya fuvu. Ndipo huja homa kali, maumivu ya kichwa, kutapika, shingo kukakamaa, kuogopa mwanga, kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu.

Mtoto mchanga ni tofauti. Shingo yake huenda isikakamae kabisa. Yeye hukataa kunyonya, hulegea, hulia kilio kisicho cha kawaida, na wakati mwingine utosi wake huvimba. Joto lake laweza hata kushuka badala ya kupanda.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu mara nyingi ni watatu: meningokokasi, ambaye huweza kuleta mlipuko katika eneo zima, nimokokasi, ambaye pia huleta kichomi, na Hib, ambaye hushambulia zaidi watoto wadogo. Kwa watoto wachanga kuna bakteria wengine, na baadhi yao hutoka katika njia ya uzazi au utumbo wa mama.

Ugonjwa huu ni mkali. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila wagonjwa 6 wa homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, mmoja hufa, na katika kila 5 wanaopona mmoja hubaki na madhara makubwa. Ndiyo maana dawa huanza kutolewa mara moja, hata kabla majibu ya maabara hayajatoka. Daktari huchagua dawa inayoweza kuwaua bakteria wanaojulikana zaidi. Kwa kawaida chaguo hilo huwa sahihi, lakini si kila mara.

TUTAJUAJE KWAMBA DAWA HAIFANYI KAZI?

Hapa wengi hukosea kwa kutazama joto peke yake. Joto laweza kuendelea kwa siku tatu, nne au hata tano ilhali mgonjwa anapona vizuri. Mtoto aliyeanza kufumbua macho, kumtambua mama yake na kunyonya au kunywa uji yumo njiani kupona, hata kama mwili bado una moto.

Dalili za kutia wasiwasi, hasa baada ya siku mbili za dawa, ni hizi:

1. Fahamu hazirudi, au zilirudi kisha zikapotea tena.

2. Degedege linaendelea au linaanza upya.

3. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au jicho limepinda.

4. Kichwa kinauma zaidi na kutapika kunaongezeka. Kwa mtoto mchanga, utosi unazidi kuvimba au kichwa kinakua.

5. Joto lilishuka kabisa kwa siku moja au mbili, kisha likapanda tena.

Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usingoje daktari apite asubuhi. Mwite muuguzi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

KWA NINI DAWA YA KWANZA HUSHINDWA?

Sababu ni nyingi, na karibu zote hospitali huweza kuzitafuta. Tuziangalie moja moja.

Kwanza, kijidudu huweza kuwa sugu. Usugu maana yake ni kwamba bakteria amejifunza kuishi na dawa iliyokuwa ikimuua zamani. Jambo hili si geni. Mwaka 1963 meningokokasi sugu kwa dawa za salfa alionekana katika kambi za jeshi huko Marekani, na dawa hizo zilikuwa ndizo tegemeo. Mwaka 1977 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walitangaza kwamba wamewaona watoto wenye nimokokasi ambaye hakuuawa na penisilini wala kloramfenikoli. Kwa miaka mingi dawa hizo mbili ndizo zilizokuwa zikitumika katika hospitali zetu kwa homa ya uti wa mgongo. Leo dawa ya kwanza ni seftriaksoni, na mahali ambapo nimokokasi sugu amekuwa wa kawaida madaktari huongeza vankomaisini.

Usugu hukuzwa na sisi wenyewe. Tunanunua vidonge vinne dukani badala ya dozi kamili, tunaacha dawa siku homa inaposhuka, tunampa mtoto vidonge vilivyobaki vya ndugu yake.

Pili, dawa huenda haikufika ya kutosha. Ubongo una ukuta unaozuia vitu vingi vya damuni visiingie. Ndiyo maana homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwa dozi kubwa kupitia kwenye mshipa, wala haitibiwi kwa vidonge. Ikiwa sindano ya usiku haikutolewa, au mshipa ulifura na dawa ikamwagika chini ya ngozi, au familia haikuweza kununua chupa ya pili na ikaona aibu kusema, bakteria hupata nafasi ya kuzaana tena.

Tatu, huenda si bakteria tuliyemdhania. Kifua kikuu nacho huingia katika utando wa ubongo. Mara nyingi huanza polepole: mtoto anakonda, ana homa za hapa na pale, hachezi, kichwa kinamuuma kwa wiki moja au mbili kabla ya kuzidiwa. Dawa ya kawaida ya homa ya uti wa mgongo haimponyi. Huhitaji dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka, mara nyingi ugonjwa huletwa na fangasi, ambaye ana dawa zake za pekee. Tena malaria kali ya ubongo hufanana sana na homa ya uti wa mgongo, na mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Nne, huenda kuna usaha uliojificha. Wakati mwingine maji au usaha hukusanyika kati ya ubongo na fuvu, au jipu hutokea ndani ya ubongo wenyewe. Dawa huzunguka kando ya jipu lakini haliishi, na huenda likahitaji kutolewa kwa upasuaji. Mara nyingine chanzo kiko jirani: sikio linalotoa usaha kwa miezi, au mfupa wa nyuma ya sikio uliooza. Chanzo kisipotibiwa, bakteria wataendelea kuingia.

Tano, homa huenda inatoka mahali pengine. Mahali palipowekwa sindano ya dripu pakivimba na kuwa pekundu, hapo penyewe huleta homa. Vivyo hivyo kichomi kilichompata mgonjwa akiwa amelala, maambukizo ya njia ya mkojo, au kiungo kilichojaa usaha. Mara chache homa husababishwa na dawa yenyewe.

DAKTARI HUFANYA NINI?

Daktari mzuri hakasiriki akiambiwa kwamba mgonjwa hajapata nafuu. Huanza upya kama mtu aliyepoteza ufunguo, anarudi nyuma hatua kwa hatua. Husoma chati kuona kama dozi zote zilitolewa na kama zinalingana na uzito wa mgonjwa. Humpima mwili mzima, masikio, kifua, viungo na mahali pa dripu. Hupima tena malaria na sukari ya damu. Hushauri kipimo cha virusi vya UKIMWI. Huuliza juu ya kifua kikuu nyumbani.

Kisha, kama mgonjwa hajapata nafuu na hakuna kizuizi, hutaka kuchukua tena maji ya mgongo. Maabara huyalinganisha na yale ya kwanza: je, chembe nyeupe zimepungua? Sukari iliyokuwa imeshuka imepanda? Bakteria bado wanaonekana? Hayo ndiyo yatakayomwambia kama dawa inashinda au inashindwa, na kama aibadilishe. Kukiwa na shaka ya jipu, mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa kupigwa picha ya kichwa. Mtoto ambaye utosi wake haujafunga huweza kuchunguzwa kwa ultrasaundi.

Urefu wa matibabu pia si mmoja kwa wote. Meningokokasi huweza kuhitaji siku 5 hadi 7, Hib siku 7 hadi 10, nimokokasi siku 10 hadi 14, na mtoto mchanga huweza kukaa kwenye sindano kwa wiki 3. Kwa hiyo jirani kuruhusiwa baada ya wiki moja si sababu ya wewe kudai ruhusa siku hiyo.

SINDANO YA MGONGONI HAIUI

Hofu hii imewaponza watoto wengi, basi tuizungumze wazi. Watu husema sindano ya mgongoni hupoozesha au huua. Kweli ni kwamba uti wenyewe huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo pana maji na nyuzi za fahamu zinazoelea, ambazo husogea sindano inapopita. Mtu mzima ana maji hayo kama mililita 150, na mwili hutengeneza mengine karibu nusu lita kila siku. Daktari huchukua matone machache tu, na yaliyochukuliwa hurudishwa na mwili upesi.

Baada ya sindano mgongo waweza kuuma, na mtu mzima aweza kuumwa kichwa kwa siku chache. Zipo hali ambazo daktari huahirisha kuchoma: kwa mfano pale penye dalili kwamba ubongo umebanwa sana, au ngozi ya mgongoni ina vidonda, au damu haigandi vizuri. Yeye huzichunguza hizo kwanza. Dawa haingojei sindano hiyo.

Basi kwa nini tunasikia kwamba fulani alichomwa akafa? Kwa sababu wanaochomwa mgongoni ni wale waliokwisha kuwa wagonjwa mahututi. Kilichowaua ni ugonjwa, na mara nyingi ni ugonjwa ulioletwa hospitali kwa kuchelewa.

KAZI YA FAMILIA

Familia si watazamaji tu wodini. Kuna mambo ambayo ninyi tu mnayajua, na bila hayo daktari hupapasa gizani.

Semeni kila dawa aliyopewa mgonjwa kabla ya kuja, hata kama mnaona haya: vidonge vya dukani, dawa ya jirani, dawa ya mitishamba. Vidonge vichache vya antibiotiki huweza kuwaficha bakteria wasionekane maabara, bila kuwaua. Leteni pakiti au karatasi yake kama ipo.

Semeni kama nyumbani kuna mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili au anayetumia dawa za kifua kikuu.

Semeni kama mgonjwa ana ugonjwa wa selimundu, kama sikio lake hutoa usaha, au kama aliwahi kuumia kichwa na sasa puani hutoka maji maangavu. Watu hao hupata ugonjwa huu kwa urahisi zaidi, na huweza kuupata tena na tena.

Hesabuni dozi. Andikeni kwenye karatasi saa ya kila sindano. Saa ikipita, muulizeni muuguzi kwa adabu: "Dada, dawa ya saa sita bado?" Huko si kumsumbua. Akiwa na wagonjwa arobaini peke yake, atawashukuru.

Kama fedha za dawa zimekwisha, semeni siku hiyo. Katika hospitali nyingi yupo afisa wa ustawi wa jamii. Majirani na wanajumuiya nao watachanga wakiambiwa mapema. Watu hawawezi kusaidia jambo wasilolijua.

Na kubwa kuliko yote: msimwondoe mgonjwa. Atakayepelekwa kwa mganga wa kienyeji au kwenye mkesha wa maombezi akiwa katikati ya dozi hukatiwa dawa wakati bakteria wamejeruhiwa bila kufa. Wanaotaka kumwombea waje kitandani kwake. Sala haihitaji dripu ichomolewe. Kama hamridhiki na huduma, ombeni kuonana na daktari mkuu au ombeni barua ya rufaa. Kuhama kutoka hospitali hadi hospitali kubwa zaidi, dawa ikiendelea njiani, ni jambo tofauti kabisa na kurudi nyumbani.

BAADA YA KURUHUSIWA

Homa, kichwa au kutapika kukirudi siku au wiki chache baada ya kutoka hospitali, rudini mara moja na karatasi zenu zote. Msianze tena na vidonge vya nyumbani.

Mtoto apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa, au ndani ya wiki nne. Uziwi ni miongoni mwa madhara yanayoachwa mara kwa mara na ugonjwa huu, na mtoto mdogo hawezi kusema kwamba hasikii. Wazazi humwona mkaidi, wakamchapa kwa kutoitika. Mpige makofi nyuma yake akiwa hakuoni. Asipogeuka, mpeleke akapimwe.

Ikiwa bakteria alikuwa meningokokasi, waliolala nyumba moja na mgonjwa huhitaji dawa ya kinga. Waulizeni wauguzi bila kungoja mwingine augue.

Na chanjo tusizidharau. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib mwaka 2001 na dhidi ya nimokokasi mwaka 2011. Tanzania ilianza ya Hib mwaka 2009, na kufikia 2013 ile ya nimokokasi ilikuwa imeingia katika ratiba. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Bakteria sugu huwa hawana nafasi kwa mtoto ambaye chanjo imemkinga nao.

TURUDI CHINI YA MWEMBE

Yule baba aseme nini? Asimfokee kaka yake, maana naye anazungumza kwa uchungu. Lakini na ainuke, aende wodini pamoja na mama, waseme hivi: "Daktari, mtoto wetu hajapata nafuu. Tunaomba utuambie unafikiri ni nini. Na sisi tuna jambo hatukulisema: Jumamosi tulimpa vidonge vya kaka yake. Tena babu yake, anayelala naye chumba kimoja, anakohoa tangu mavuno."

Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha matibabu yote. Hatuwezi kumwahidi baba yeyote kwamba mtoto wake atapona. Tunachoweza kumwambia ni kwamba dawa ya kwanza ikishindwa, ipo ya pili, na inapatikana wodini. Chini ya mwembe haipo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni dalili zipi tano zinazoonyesha kwamba mgonjwa haendelei vizuri, mbali na joto peke yake?

2. Kwa nini ni hatari kumficha daktari dawa tulizompa mgonjwa nyumbani?

3. Je, nyumbani kwetu kuna vidonge vilivyobaki? Tutavifanya nini?

4. Kadi za kliniki za watoto wetu ziko wapi, na ni chanjo ipi bado haijatolewa?